Mwendo wa Mja Mzito

Nianze kwa kueleza triathloni ni nini, maana hapa Bukene nimeieleza mpaka nimechoka, na bado kuna mzee mmoja pale stesheni anayeamini kwamba natafuta kazi jeshini. Ni mchezo wa vitu vitatu mfululizo: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia. Ulianza Marekani, San Diego, mwaka 1974, ukaingia kwenye Olimpiki kule Sydney mwaka 2000. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Saa haisimami hata pale unapojifuta maji na kufunga kamba za viatu. Muda wa kubadili nao unahesabiwa.

Februari mwaka huu wa 2025 nilijiandikisha kwenye mashindano madogo ya Mwanza, ya vijana wapenda michezo wa kandokando ya ziwa. Tarehe ikapangwa: Jumamosi, Oktoba 18. Machi mke wangu akaniambia ni mjamzito, mimba yetu ya kwanza. Tukaenda kliniki. Nesi akamuuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, akajibu Januari 20. Nesi akahesabu kwa vidole: ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu. Oktoba 27. Akaiandika kwenye kadi.

Kwa hiyo kwa miezi saba sasa nimeishi na tarehe mbili zilizopishana siku tisa. Moja naijua hadi saa ya kuanzia. Nyingine ni makisio, na makisio yenyewe ni ya kiungwana tu, kwa sababu ni takriban mtoto mmoja kati ya 20 anayezaliwa siku ileile iliyoandikwa. Wengine huja wiki mbili kabla, wengine wiki mbili baada. Wanaonisoma hapa mmezoea nihakiki vitabu. Leo nataka nizungumzie hizi tarehe mbili, na neno moja la Kiswahili ambalo limenikaa kichwani tangu Machi.

Neno lenyewe ni mjamzito. Tumelizoea hata hatulisikii tena. Mja ni mtu, kiumbe. Mja mzito: mtu mwenye uzito. Lugha nyingine husema mwanamke "anasubiri", au "anatarajia". Kiswahili kinasema ana mzigo. Na siku ikifika hakisemi "amefunguliwa" na daktari wala na mkunga. Kinasema amejifungua. Mzigo ni wake, na kamba anaifungua mwenyewe. Sisi wengine tumesimama pembeni.

Sasa, kwa mtu anayeishi Bukene, kusikia habari ya mizigo si jambo dogo. Huku ni Unyamwezini. Kabla ya reli, vitu vyote vilivyotoka bara kwenda pwani na vilivyotoka pwani kuja bara vilipita mabegani na vichwani mwa watu, na kati ya watu hao Wanyamwezi ndio waliokuwa na jina. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, kilo 30 na ushei, achilia mbali mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Toka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, jirani na Tabora ya leo, Novemba mwaka huohuo. Julai 1858 Speke alimwacha mwenzake mgonjwa akaelekea kaskazini na wapagazi, na Agosti 3 akaliona ziwa. Njia yake ilikata nchi hizi za kaskazini mwa Tabora, upande uleule ambao treni ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita mpaka leo na kupiga honi Bukene.

Mwanahistoria Stephen Rockel ana kitabu kizima juu ya wapagazi, Carriers of Culture, cha mwaka 2006. Kuna jambo alilolieleza ambalo sikufundishwa shuleni: misafara ile haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake walikuwemo, wamebeba vyungu na chakula, wengine watoto mgongoni. Na wapo waliojifungua njiani.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Nikamtazama mke wangu kwenye cherehani yake, anakanyaga, anashona sare za shule. Nikajaribu kuwaza msafara wa mamia ya watu kwenye pori la miombo, halafu mmoja anapata uchungu. Wengine wanafanya nini?

*

Mimi ni Mkerewe. Nimezaliwa kisiwani, nikaletwa huku na barua ya ajira ya ualimu. Kuogelea sikufundishwa na mtu. Kisiwani mtoto anaogelea kama anavyotembea, na dawa za kichocho tulimeza shuleni kila zilipoletwa. Kati ya zile sehemu tatu, ya maji ndiyo yangu. Shida ni kwamba Bukene haina maji ya kuogelea. Kuna malambo, lakini kiangazi kikikolea yanabaki tope, na maji yaliyotuama yana konokono, na konokono ndiye mwenye kichocho. Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani nikaogelea asubuhi na jioni. Niliporudi nikachukua tyubu ya baiskeli, nikaikata mipira miwili mirefu kama ile ya kufungia magunia kwenye keria, nikaifunga kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Unainama, unashika mipira, unavuta kama unavyovuta maji. Mabega yanawaka kwelikweli. Watoto wa jirani wakaanza kuja na viti. "Mwalimu anaogelea hewani!" Mke wangu akatoka kuona kelele ni za nini, akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe Mkerewe," akasema, "samaki wa nchi kavu." Mpaka leo ndilo jina langu mtaani.

Baiskeli ni yao. Ukanda huu wote, toka Tabora, Shinyanga mpaka Mwanza, baiskeli ndiyo punda, ndiyo gari, ndiyo teksi. Kuna mashindano ya baiskeli ambayo watu huacha mashamba kwenda kuyatazama, na wanaoshinda wakati mwingine wamekuja na baiskeli zilezile za kubebea mkaa. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya gia, nimeinunua kwa mkopo mdogo wa walimu wenzangu. Fundi wa pale sokoni aliikagua, akapiga tairi kwa kidole, akaniuliza, "Ticha, hii inabeba gunia ngapi?" Nikamwambia haina keria. Akanitazama kama mtu aliyenunua sufuria isiyo na kitako.

Nimezifikiria sana keria tangu hapo. Nimeona wajawazito wengi wakipelekwa kliniki kwenye keria, wamekaa upande, kanga imefungwa vizuri, mkono mmoja umeshika kiti. Mwanaume anayeendesha haendi kasi. Anakwepa mchanga, anakwepa mashimo, kwenye mteremko anashuka kabisa na kukokota. Ukimpita na baiskeli yako ya gia unasalimia, "Mwangaluka!", naye anajibu bila kugeuza shingo, macho yako barabarani. Nilikuwa nawapita hao kila Jumamosi asubuhi. Mimi na baiskeli tupu, wao na watu wawili nyuma.

Kukimbia, nako, ni kwa njia yenyewe. Nakimbia alfajiri kuelekea Itobo kabla jua halijachoma. Vumbi la Septemba linaingia mpaka kwenye meno. Wanafunzi wanaotoka mbali ninakutana nao njiani, wengine wanajiunga na daftari mkononi, kilomita nzima, kwa ndala, bila hata kuhema. Chakula changu cha mazoezi ni matobolwa na karanga. Sijui wenzetu wa Hawaii wanakula nini, ila viazi vilivyochemshwa na kukaushwa vinakaa tumboni kwa adabu.

Mama mkwe alikuja Agosti. Binti ana mimba ya kwanza, na mama mtu hawezi kukaa mbali. Wanaojua desturi za huku wanajua mkwe na mama mkwe hawaongei ovyo. Nikitoka asubuhi nainama: "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Macho chini, basi. Mengine yote yanapita kwa mke wangu. Jioni ananiambia, "Mama anauliza, huyu mwenzako anakimbizana na nani?" Ninajibu, naye anapeleka jibu chumba cha pili. Kesho yake: "Mama anasema kama hakuna anayekukimbiza, basi unakimbia wewe."

Sikuwa na jibu la kupeleka chumba cha pili.

*

Septemba 15, Jumatatu, ilikuwa siku ya kliniki. Wiki ya 34. Wasomaji mnaofuatilia riadha mtaikumbuka siku hiyo kwa sababu nyingine: Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Alikimbia saa 2:09:48, na Amanal Petros wa Ujerumani akaandikiwa muda huohuo hadi sekunde. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42 na zaidi, halafu unashinda kwa upana wa kifua. Kwenye foleni ya kliniki habari ilikuwa hiyo tu. Kijana mmoja aliyemleta mkewe alikuwa na video kwenye simu, tukainamia wanaume watano, tunapiga kelele kimyakimya.

Mke wangu akaitwa. Nesi akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akanyamaza. Akapima tena mkono wa pili. Akaandika 142 kwa 92. Nilikuwa naijua namba inayotakiwa kwa sababu nilikuwa nimesoma: kuanzia 140 kwa 90 kwa mjamzito ni presha ya juu. Wakapima mkojo. Nesi akamtazama miguu, akaibonyeza juu ya kifundo, kikabaki kishimo.

Alitueleza vizuri, bila kutisha na bila kuficha. Kuna kitu kinaitwa kifafa cha mimba. Presha ikipanda bila kudhibitiwa inaweza kufika huko. Dalili ni kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au nyotanyota, maumivu ya juu ya tumbo, kuvimba uso na mikono. Mojawapo ikitokea hakuna kusubiri asubuhi. Akampa vidonge, akamwambia aje kila wiki, aache kukanyaga cherehani, na ajifungulie mahali penye chumba cha upasuaji. Akatupa namba ya m-mama, 115, ambayo ni ya bure: unapiga, wanakuunganisha na gari la wagonjwa, au kama halipo karibu, na dereva wa kawaida wa eneo lenu aliyekubali kubeba wajawazito na kulipwa na mfumo. Akatutaka tuiandike ukutani, siyo kwenye simu tu, maana simu huzima chaji.

Nikaiandika ukutani kwa chaki, kwa mwandiko wa ubaoni.

Kuna takwimu ambazo nilikuwa nazijua kama mwalimu wa uraia anavyojua takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Nimewahi kuziweka kwenye mtihani: eleza sababu nne za kupungua kwa vifo. Usiku ule nililala chali nikazihesabu upya. Toka 556 mpaka 104 ni kazi kubwa ya watu wengi, wakiwemo manesi kama yule. Lakini hiyo 104 nayo ni watu, na kila mmoja wao alikuwa na tarehe kwenye kadi.

Nesi alisema na jambo la mwisho, na hili alilisema akinitazama mimi. Damu ya akiba haitoki mbinguni. Ndugu wenye afya wanaombwa wachangie mapema, iwe kwa mke wako au kwa mke wa mwenzako, kwa sababu mwanamke akitokwa na damu hakuna muda wa kuanza kutafutana.

Mwanamichezo yeyote anajua maana ya kutoa damu mwezi mmoja kabla ya mashindano. Chupa moja ni mililita 450 hivi. Maji yake yanarudi ndani ya siku chache, ila chembe nyekundu, zile zinazobeba hewa kwenda kwenye misuli, zinachukua wiki kadhaa kujijenga. Ndiyo maana mwanaume anatakiwa akae miezi mitatu kabla ya kutoa tena. Nikatoa Jumamosi iliyofuata. Jumatano yake nikajaribu kukimbia njia yangu ya Itobo. Kilomita ya tatu mapafu yalikuwa yanavuta na miguu haipati kitu. Mtoto mmoja wa darasa la nne akanipita, akageuka kuniangalia kwa huruma. Nikatembea. Na nikiri kwamba toka Februari ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nimerudi kutoka mazoezini bila kutazama saa.

*

Usiku ambao usingizi haukuja nilisoma. Nilichukua Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Kwetu kisiwani Kitereza ni mzee wa nyumbani. Alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakikupata mchapishaji. Akakaa nacho, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka kwa Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Miaka 35 mtu amebeba kitabu.

Na kitabu chenyewe kinahusu nini? Mume na mke wanaotafuta mtoto. Ndugu wa mume wanamsumbua Myombekere kwamba mke huyu hana faida. Wazazi wa Bugonoka wanasikia, wanamchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba tupu. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa pombe ya ndizi, anakwenda kuitengeneza. Kitereza anatueleza kila kitu, toka ndizi mpaka vyungu, na msomaji asiye na subira anaruka kurasa. Niliwahi kuwa msomaji huyo. Nikiwa chuo nilikihakiki kwa somo la fasihi, nikaandika kwamba mwandishi ameuzidisha ukusanyaji wa desturi, hadithi inakwama.

Safari hii nilikisoma nikiwa na mwanamke mwenye presha amelala pembeni yangu, na zile kurasa za pombe ndizo zilizonishika. Myombekere hawezi kupata mtoto kwa nguvu zake, wala kuisukuma siku ije. Kilicho mikononi mwake ni ndizi, vyungu, kuni, njia ya ukweni, na namna ya kuongea na wakwe. Basi anafanya hivyo, kimoja kimoja, kwa ukamilifu. Hadithi haijakwama hapo. Hapo ndipo tunapoonyeshwa mwanaume anayesubiri anafananaje.

Nikaanza kutofautisha kitu nilichokuwa nakichanganya. Mazoezi yana tabia ya kukupa hisia kwamba unabeba. Unaamka saa kumi na moja, unatoka jasho, unaumia, jioni unaandika namba. Mtu mwenye mke mjamzito anaihitaji sana hisia hiyo, kwa sababu ukweli wa mambo ni kwamba hajabeba chochote. Uzito wote uko kwa mwenzake. Anapumua juujuu, halali upande mmoja, vidole havivai pete. Wewe unarudi na jasho lako la kilomita 10 na unajisikia mmechoka wote wawili.

Mke wangu aliliona hilo kabla yangu, ila yeye huwa anasema mambo kwa utani. Jioni moja nilikuwa nanyoosha misuli mlangoni, naye amekaa kwenye mkeka miguu imepandishwa juu ya mto. Akauliza, "Leo umekwenda kilomita ngapi?"

"Tano tu. Damu haijarudi."

"Mi nimekwenda chooni na kurudi mara saba. Niandikie na mimi kwenye daftari lako."

Nikaandika. Sitanii. Ipo kwenye daftari, Septemba 25, chini ya kilomita zangu tano: choo, mara saba.

*

Kuhusu Mwanza, yeye alisema nenda. Alisema kwa uzito kabisa, mara mbili. Presha imeshuka kidogo kwa vidonge, mama yupo, 115 iko ukutani, siku tisa ni nyingi. Ni kweli. Nina uhakika kuna akina baba wengi wazuri ambao wangekwenda na kurudi Jumapili na mambo yakawa salama salmini. Mchezo haujanikosea kitu na mimi sijaukosea.

Ila nilirudi kwenye lile swali la msafara. Mmoja akipata uchungu porini, wengine wanafanya nini? Nimewaza hivi: msafara una kirangozi mbele na bendera, una wenye nguvu wanaotaka kufika, una wenye mizigo mizito. Mtu mwepesi anaweza kutangulia. Atafika kambini mapema, atapata kivuli, atakaa. Lakini akishafika hapo peke yake hayumo tena msafarani, ni mtu tu aliyefika. Anayetaka kuwa na wenzake anatembea kwa mwendo wa mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Yule mwanaume wa keria anayeshuka kwenye mteremko na kukokota anaijua habari hii bila kusoma kitabu.

Ndiyo maana mwendo wangu nimeubadilisha. Nimechora mzunguko wa kilomita tano: uwanja wa shule, reli, mnadani, kipande cha barabara ya Itobo, kisha kurudi nyumbani kwa njia ya miembe. Kila dakika kumi na kitu napita mbele ya mlango wetu. Kilomita 40 ni mizunguko minane. Simu ninayo mfukoni, lakini simu huku zina tabia zake, kwa hiyo mama mkwe ametoa wazo lake. Akaa mlangoni. Akitundika kanga nyekundu kwenye uzio, nishuke. Wazo hilo hakulipitisha kwa mke wangu. Alinisimamisha mwenyewe asubuhi moja, macho chini kama kawaida, akasema, "Baba, nitaweka kanga. Ukiiona, acha hilo libaiskeli hapohapo." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia.

Begi la hospitali liko tayari chini ya kitanda. Nimelipanga kama nilivyofundishwa kupanga vitu vya kubadilia kwenye triathloni, cha kwanza kutumika kinakaa juu: kadi ya kliniki, glovu, mpira wa kulalia, pamba, wembe mpya, uzi wa kitovu, kanga sita, beseni, chupa ya chai. Nguo za mtoto ni chache, mama mkwe hataki tuzidishe kabla hatujamwona mwenyewe. Mke wangu alilifungua, akalikagua, akatoa kanga mbili akaziweka chini, akapandisha pochi ya pesa juu. "Wewe unajua kubadili viatu," akasema. "Hapa wanaanza kuuliza hela ya mafuta." Nikamwachia.

Leo ni Alhamisi, Oktoba 16, wiki 38 na siku tatu. Asubuhi presha ilikuwa 136 kwa 86. Kichwa hakiumi. Magari ya kampeni yamepita na spika zao, treni imepita, vumbi limetulia. Keshokutwa saa moja asubuhi vijana wenzangu wataingia ziwani Mwanza, na namba yangu ya kifuani itabaki mezani kwao. Saa hiyohiyo mimi nitakuwa chini ya mwembe navuta mipira ya tyubu, na watoto wa jirani kwenye viti vyao. Kisha mizunguko minane, kisha miwili kwa miguu. Sijui nitamaliza ngapi. Kila nikikaribia kona ya miembe nitainua kichwa kuutazama uzio, na nikiuona mtupu nitaendelea polepole.

Ameita sasa hivi, anataka nimwinue kwenye mkeka. Hilo la kuinua linahitaji ufundi: unachuchumaa, unamwacha akushike shingo, halafu unasubiri yeye ndiye aseme twende.